Mzee Chokaa Anastaafu na Onyo Lisilo Lake

Mzee Chokaa anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Kesho yake, tarehe moja, mlango wa pembeni wa Chumba cha Mifupa, alioufungua yeye, utatiwa kufuli jipya, na majeruhi wote wa mifupa, viungo na misuli watatakiwa kuomba miadi kwanza. Utawala unasema tarehe hizo mbili zimekutana kwa bahati tu. Sisi tunaofanya kazi chumbani humo tunajua kusoma kalenda.

Kamati ya sherehe ilimpa mwandishi wa wasifu huu ukurasa mmoja na masharti matatu: uwe mfupi, uchekeshe, na usiingize mambo ya ofisi. Ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza viatu vyake. Kuchekesha tutajaribu, maana mzee mwenyewe ni mcheshi. Sharti la tatu halitekelezeki, kwa sababu mtu huyu alikuwa kazini miaka yote hiyo, hakuwa likizoni. Tukiyaacha mambo ya ofisi tutabaki kumvisha kilemba cha ukoka, na yeye kofia anazo za kutosha.

Kwa wageni waalikwa wasiomjua, Mzee Chokaa ni fundi plasta wetu na msimamizi wa Chumba cha Mifupa. Mfupa ukishavunjika, daktari akishaurudisha mahali pake, ni yeye anayelowesha bendeji za plasta kwenye beseni, anayezizungusha kwenye mkono au mguu, anayezilainisha kwa kiganja na kusubiri zikauke. Jina la Chokaa alipewa na mkewe, ambaye kila jioni humpokea akiwa na unga mweupe kwenye nyusi, masikioni na mifukoni. Mama huyo alituambia mwaka jana kwamba wanawake wengine huolewa na wanaume, yeye aliolewa na ukuta.

Alianza kazi hapa kama mfagizi wa wodi ya mifupa. Alikuwa akifagia huku anamtazama fundi wa wakati ule, na fundi yule, ambaye alikuwa hapendi kutazamwa, alimtuma maji mara kwa mara ili amfukuze. Mzee alikuwa anarudi na maji haraka kuliko ilivyotarajiwa. Baada ya miaka mitatu ya kubeba ndoo alikuwa anajua joto la maji ya plasta kwa kuchovya kiwiko, na fundi akakata tamaa, akamfundisha. Hospitali ilimpeleka kusoma mwaka mmoja. Alirudi na cheti, akakitundika juu ya sinki ambako kililowa, kikakunjamana, na kipo hadi leo.

Wakati huo hapakuwa na mlango wa pembeni. Aliyevunjika alikaa foleni moja na mwenye homa, mwenye jino na aliyekuja kutazama mgonjwa akapotea njia. Siku moja mpagazi wa sokoni aliletwa na wenzake akiwa ameangukiwa na gunia gotini. Alifika asubuhi. Saa tisa alasiri alikuwa bado ameshika karatasi yenye namba, na goti limekuwa kubwa kuliko kichwa chake. Aliondoka bila kutibiwa, akichechemea mabegani mwa watu, na akiwa mlangoni aligeuka akasema, "Mngeniambia mapema kwamba mnatibu wasioumwa."

Maneno yale yalimkaa Mzee Chokaa rohoni. Alimfuata muuguzi mkuu wa siku hizo, mwanamke mfupi aliyeogopwa na madaktari, wakaomba stoo ya vitanda vibovu iliyokuwa na mlango unaotazama barabara. Walipewa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mzee alitoa vitanda, akapaka rangi kuta mwenyewe siku mbili za mapumziko, akaweka benchi refu kando ya ukuta. Chumba cha eksirei kilikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na moja iliyopita, aliyeteguka, aliyevunjika, aliyetokwa bega au kukazwa msuli aliingia kwa mguu wake au kwa mguu wa jirani yake, bila miadi, bila barua, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wengi walikuwa wameshapigwa picha, wamefungwa na wamerudi kwao kabla aliye kwenye foleni kuu hajaitwa jina.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila aliyefanya kazi na mzee huyu analijua, nalo ni kubonyeza kucha.

Kila asubuhi, na kila baada ya muda mfupi mchana kutwa, alikuwa anapita mbele ya benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuuliza namba. Alishika kidole cha mkono au cha mguu ulioumia, akakibonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, kisha akaachia na kutazama damu inavyorudi. Ikirudi upesi, unangoja zamu yako. Ikichelewa, au kidole kikiwa cha baridi, au ukishindwa kukichezesha, unaingia wewe sasa hivi hata kama umefika wa mwisho. Hilo lilimchukua nukta chache kwa kila mtu. Wanafunzi waliokuja kwa mafunzo walitarajia kufundishwa mashine, wakafundishwa kushika vidole vya watu. "Mdomo unaweza kusema haliumi, kwa kuona haya," alikuwa anawaambia. "Ukucha hauna haya."

Utaratibu huo haukujua cheo. Mkurugenzi aliyepita aliteleza kwenye ngazi za ofisi yake mwenyewe akateguka kifundo, akaletwa na dereva na wasaidizi wawili, mmoja amebeba kiatu. Mzee alibonyeza kidole gumba cha mguu wa mkurugenzi, akakiona chekundu na cha moto, akamwelekeza akae nyuma ya mama muuza mboga aliyevunjika mkono. Mkurugenzi alikaa. Yasemekana ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza na mgonjwa kwa zaidi ya dakika kumi, na alipoondoka alikuwa anajua bei ya nyanya.

Kuna pia refa na golikipa walioumia katika mechi moja, kwenye mpira mmoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Walikaa benchi moja kwa sababu benchi ni hilo hilo. Mzee alipowafikia walikuwa wanabishana kama lile lilikuwa goli. Alimtazama refa goti, akamtazama golikipa vidole viwili, akaamua kwamba goli si goli ila golikipa anaingia kwanza. Refa alikata rufaa kwa daktari, daktari akaitupilia mbali.

Kanuni yake ya pili ilikuwa fupi, na wasomaji tunawaomba waikumbuke. Kila aliyefungwa plasta mpya lazima arudi kesho yake. Mahali palipovunjika huvimba, na mara nyingi huvimba zaidi usiku wa kwanza na siku ya pili. Plasta haivimbi. Nyama ikikosa pa kwenda, inajibana yenyewe, damu haipiti, na baada ya saa chache misuli inaanza kufa ndani ya kitu kinachoonekana safi kwa nje. Dawa yake ni kuipasua plasta, kazi ya dakika tano. Ukichelewa, hakuna dawa. Kwa hiyo mzee alikuwa na kalamu nene ya buluu, na juu ya kila plasta mbichi aliandika kwa herufi kubwa: KESHO. Wagonjwa walicheka. Wajukuu zao walitaka kuchora maua pembeni. Yeye alisema haiamini plasta yoyote mpaka aione siku ya pili, hata ya mkono wake mwenyewe.

Miaka ishirini na moja, na hakuna mkono uliopotea katika chumba kile. Kamati ilituomba idadi ya plasta alizofunga ili zisomwe kwa makofi. Hakuna anayeijua. Hiyo ya mikono ndiyo tunayoijua.

Kisha wakaja wataalamu wa utaratibu. Walikaa na sisi siku mbili, wakiwa na vishikio vya karatasi na saa, wakaandika kwamba benchi letu "halina mtiririko." Walibandika ukutani bango lenye maneno ya wahenga kwamba haraka haraka haina baraka. Mzee alilisoma, akalibandua taratibu bila kulichana, akawapelekea ofisini kwao akasema, "Hili lipelekeni kwenye harusi. Sisi kule tuna jingine, ngoja ngoja huumiza matumbo, na mikono pia." Walicheka. Mwezi uliofuata walianzisha majaribio ya miezi mitatu.

Katika majaribio hayo benchi liliondolewa. Mlango wa pembeni uliachwa wazi kwa wenye miadi tu. Wengine wote walipaswa kupita mapokezi makuu, kwenye dirisha lenye kompyuta, na kupewa siku. Mzee Chokaa alipinga kwa maandishi, barua mbili, zote zipo. Alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Na katikati ya majaribio alipelekwa kusaidia chumba cha upasuaji kwa siku nne mfululizo, kwa kuwa msaidizi wa kule alikuwa anauguliwa. Alikuwa anaingia asubuhi na kutoka jioni bila kupita kwetu.

Jioni ya kuamkia siku yake ya kwanza kwenye chumba cha upasuaji, mtu wa mwisho aliyemfunga alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo anayeshona sare za shule na magauni ya maharusi. Aliteleza kwenye sakafu yenye maji akaangukia mkono wa kulia, ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Daktari aliurudisha vizuri, mzee akafunga vizuri, picha ya baadaye ilionyesha mfupa umenyooka. Mzee aliandika KESHO, akamwonyesha jinsi ya kulala na mkono umeinuliwa juu ya mto, akamwambia vidole vikianza kuuma au kufa ganzi asingoje hata hiyo kesho.

Fundi cherehani alirudi kesho yake asubuhi na mapema, kama alivyoambiwa. Hakulala. Vidole vilikuwa vimevimba, na kila akijaribu kuvinyoosha alikuwa anauma meno. Alikwenda dirishani. Dirishani palikuwa na muuguzi aliyetazama kompyuta, akamwambia jina lake lipo Jumanne ya wiki ijayo. Mama aliinua mkono kuonyesha neno lililoandikwa pale. Muuguzi akasema, "Mama, hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi tunafuata miadi. Meza dawa ya maumivu, mkono uinue." Mama akarudi nyumbani. Siku iliyofuata alirudi tena, akaambiwa vile vile, na sauti ilikuwa ya adabu, kwa sababu muuguzi yule aliwekwa dirishani kwa kusifiwa sauti.

Mwandishi wa wasifu huu amejificha nyuma ya neno "muuguzi" kwa aya moja, na hiyo inatosha. Muuguzi yule ni mimi.

Nilikuwa na macho. Vidole vyake vilikuwa mbele yangu kwenye kizingiti cha dirisha, karibu kuliko kompyuta. Nilikuwa nimefundishwa na Mzee Chokaa mwenyewe kwa miezi kumi, nimebonyeza kucha za mamia ya watu, na mkono wangu ulikuwa mtupu, haukushika hata kalamu. Sikuunyoosha. Niliambiwa nisome orodha, nikasoma orodha. Hakuna aliyenikataza kumgusa mgonjwa. Nilijikataza mwenyewe, na hadi leo nikikumbuka ninapata hasira mpaka masikio yanawaka.

Siku ya tatu asubuhi mzee alipita mapokezi kufuata katoni za plasta stoo. Fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, ameukumbatia mkono ndani ya mtandio, haangalii mtu. Mzee aliona ncha za vidole. Hakuuliza chochote. Alichuchumaa, akabonyeza ukucha, akangoja, damu haikurudi. Alitoa mkasi wa plasta kwenye mfuko wa koti lake, akaipasua palepale kwenye ngazi, kuanzia kiganja hadi kiwiko, pamba na yote, watu wakipita. Kisha alimshika mkono wa pili, wakatembea haraka hadi chumba cha upasuaji. Daktari alifungua misuli ili ipumue. Mkono ulibaki. Vidole vitatu vilijikunja na havijanyooka tena.

Aliporudi alikuja dirishani. Nilijua ananitafuta.

"Alikuja lini?" aliuliza.

"Juzi. Na jana."

"Ulimgusa?"

Nikasema sikumgusa. Alitikisa kichwa, akaenda zake kunawa. Angenifokea ningeshukuru.

Fomu ya taarifa ya tukio ina mstari unaosema "jina la mtumishi aliyehusika." Mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili kuthibitishwa kazini. Kosa kama lile katika kipindi cha matazamio halina mjadala, unafungasha. Mzee Chokaa alichukua fomu, akaandika jina lake. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyefunga plasta na yeye ndiye msimamizi wa chumba, jambo ambalo ni kweli, na hakuandika neno lolote kuhusu dirisha, jambo ambalo ni nusu ya ukweli iliyobaki. Nilimfuata nikilia. Aliniambia, "Binti yangu, mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Wewe una miaka thelathini ya kushika vidole vya watu. Nikikuacha ufukuzwe leo utakwenda kukaa dirisha la hospitali nyingine. Nyamaza, ufanye kazi." Nikanyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe nilikuwa mimi.

Majaribio yaliisha, benchi likarudishwa, nami nikanyamaza kwa mwaka mmoja na nusu. Nilithibitishwa. Nilipongezwa. Nikadhani limekwisha, kwa sababu mzee hakulitaja tena na aliendelea kunitania juu ya upishi wangu wa chai.

Halafu kamati ikanipa jalada lake ili niandike wasifu huu. Ni jalada nene. Ndani yake kuna barua za pongezi ishirini na mbili, nyingi za wagonjwa, moja ya refa. Na kuna barua moja ya onyo kali, ya mwisho kabla ya kufukuzwa, inayosema Mzee Chokaa "alishindwa kufuatilia mgonjwa wake." Nyuma ya barua hiyo kuna nyingine mbili ambazo sikujua zipo.

Ya kwanza ni ombi lake. Mzee aliomba, akishastaafu, arudi siku mbili kwa wiki kufundisha wanafunzi wa uuguzi na ufundi plasta. Hakuomba malipo, aliomba benchi. Jibu limepigwa muhuri: ombi limekataliwa kwa kuzingatia onyo lililomo kwenye jalada.

Ya pili ni waraka wa kuufunga mlango wa pembeni. Sababu ya kwanza iliyotajwa, soma polepole, ni kwamba "utaratibu wa majeruhi kuingia bila miadi ulisababisha mgonjwa kupata ulemavu." Mgonjwa huyo ni fundi cherehani. Mwanamke aliyerudishwa mara mbili kwa sababu hana miadi anatumiwa kama ushahidi kwamba kila mtu awe na miadi. Kilichomuumiza wamekiita utaratibu, kilichomponya wamekiita tatizo. Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Uongo huo umesimama juu ya barua moja, na barua hiyo inasimama juu ya kunyamaza kwangu. Walitaka jiwe la kujengea, mimi nikawapa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa fundi cherehani. Sikuwa nimewahi kwenda. Chumba chake cha kushonea ni kidogo, kina cherehani mbili na meza ya kukatia, na sare zimetundikwa mpaka kwenye dirisha. Mpwa wake ndiye anayeshona sasa. Yeye anakata kwa mkono wa kushoto, na wa kulia anautumia kukandamiza kitambaa, vidole vitatu vimekunjika kuelekea kiganjani. Kumtungia uzi kwenye sindano ni kazi ya mpwa. Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata.

"Nilikujua ulipoingia tu," alisema. "Sauti yako."

Nikamwambia kuhusu onyo la mzee, na ombi lake lililokataliwa, na mlango. Hapo akaweka mkasi chini.

"Yule mzee wameandika kwamba ndiye aliyeniharibu mkono?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yule aliyenikata plasta kwenye ngazi?"

"Ndiyo."

Akasema maneno ambayo nimeombwa na watu wawili nisiyaandike. "Mimi nilishakusamehe siku nyingi, maana kuchukia kunachosha na nina maharusi wa kushonea. Lakini hilo la mzee sikulisamehe, kwa sababu si langu kusamehe. Nenda ukaseme."

Jumatatu niliandika barua kwa ofisa utumishi. Nimetaja siku, saa, dirisha na maneno niliyosema. Nimeomba onyo la Mzee Chokaa liondolewe na jina langu liandikwe linapostahili, na nimeambatisha maelezo ya fundi cherehani, yaliyoandikwa na mpwa na kutiwa dole gumba na yeye, kwa sababu saini yake ya zamani mkono hauikubali tena. Nimerudishiwa nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ofisa alisema, kwa upole, kwamba suala hilo limeshafungwa. Nilimjibu kwamba mzee alitufundisha kwamba kitu kilichofungwa hufunguliwa kesho yake kikaangaliwe. Sijui nitafanyiwa nini. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa kosa langu, nitakwenda na vidole vyangu kumi.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, ambaye ni mpiga eksirei wetu na jirani wa ukuta wa mzee kwa miaka kumi na tisa, alisoma wasifu huu wote akiwa amesimama. Nilitegemea angekata. Alisema ukurasa mmoja hautoshi, akaongeza karatasi, akapeleka kwa mpiga chapa mwenyewe. Mzee Chokaa hajauona. Ataukuta kwenye kiti chake ukumbini, na najua atakasirika na mimi, na atakuwa na haki. Baba yangu, uliniambia ninyamaze, nikakutii muda mrefu mno.

Wenzake wa Chumba cha Mifupa, wauguzi, wapiga picha, wasukuma vitanda na mama wa usafi, tunamshukuru Mzee Chokaa kwa kila kidole alichokishika kabla ya kuuliza jina. Tunamshukuru mkewe kwa kutuazima mume akiwa safi na kumpokea akiwa mweupe. Tunawashukuru wanawe waliokua wakijua kwamba baba huchelewa kwa sababu kuna mtu wa mwisho kwenye benchi. Mzee wetu, uende ukapumzike, ulale mchana bila kuamshwa, uishi miaka mingi yenye afya na vicheko, na viungo vyako mwenyewe visikusumbue, maana hatujui ungepewa miadi ya lini.

Kwenye ratiba ya leo, kipengele cha saba kinasema mkurugenzi atatoa maneno machache na kumpa mstaafu mkono wa pongezi. Mheshimiwa mkurugenzi, ukimaliza kumpa mzee, tunakuomba ushuke jukwaani. Mstari wa tatu, kiti cha kwanza kutoka njiani, amekaa fundi cherehani, tumemwalika sisi. Mpe mkono na yeye. Mpe wa kulia, uushike vizuri, kisha urudi jukwaani ututangazie tena kwa nini mlango unafungwa.